Kompyuta ya Kubebwa kwa Mkono Mmoja

Tarehe 3 Aprili

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo, na wifi yangu, mama yako, ambaye nasikia magoti yanamsumbua. Mwambie aache kukaa kwenye kile kiti cha chini. Akizama humo ndipo anaposhindwa kunyanyuka. Mimi ni mzima. Jicho la kushoto limefanyiwa upasuaji, na sasa naona hata yale ambayo ningependa nisiyaone, kama rangi mpya waliyopaka madarasa yetu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu umenifungia. Sina neno juu ya hilo. Mtu ana haki ya kufunga mlango wake, nami nina haki ya kupitisha bahasha chini yake.

Shida yangu ni hii. Unajua kwamba nafundisha madereva wa kreni. Kabla hawajapanda juu, huwafanyisha mazoezi kwa miwani ya uhalisia pepe. Mwanafunzi huketi, hushika vishikio viwili, huvaa miwani, na mbele ya macho yake hutokea jengo, ndoano na mzigo, kana kwamba yuko mita sitini juu ya ardhi. Akikosea hapo, hafi mtu. Kompyuta inayoendesha miwani hiyo ni kubwa kama friji na haitoki chumbani. Sasa wanafunzi wangu kumi na wanne wametawanywa katika saiti sita, na mkuu wa mradi amekataa kuwarudisha chuoni. Tarehe 15 Septemba watapanda kreni za kweli, wawe wamefanya mazoezi au hawajafanya. Kwa hiyo ni lazima mazoezi yawafuate waliko.

Nilijaribu kompyuta mpakato. Baada ya dakika kumi na tano ilipata moto, ikaanza kuburuta picha. Nahitaji kompyuta kamili ya mezani, yenye nguvu zake zote, lakini iingie katika kasha la bati lililokuwa likibeba redio zetu za mawasiliano. Kasha lina mpini. Sheria ya saiti inataka anayepanda ngazi awe na mkono mmoja kwenye reli, kwa hiyo nitaibeba kwa mkono mmoja, nami nina miaka sitini na mmoja. Usisahau hilo unapochagua vyuma.

Niliuliza mafundi watatu. Wote walisema anayejua kuchagua vifaa vya mashine ndogo ni yule wa duka la ghorofani, mtaa wa vioo. Sikuwaambia kwamba fundi huyo nimewahi kumbeba mgongoni.

Nasubiri jibu lako.

Shangazi yako.


Tarehe 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo sitaiandika, na sababu unaijua. Mama anakusalimu, kasimama nyuma yangu mpaka nimeandika hivyo. Kiti amekataa kubadilisha. Mke wangu ni mjamzito, miezi mitano. Hizo ndizo habari za nyumbani, nimemaliza wajibu.

Barua yako imekaa mezani mwezi mzima chini ya bisibisi. Nilitegemea itapotea yenyewe, kama zako za nyuma.

Kazi naiweza. Waliokwambia hawakudanganya. Lakini sikiliza, maana watu wakisikia "kompyuta ndogo" hudhani ni kubwa iliyofuliwa ikarudi kama nguo. Miwani yako inataka picha tisini kila sekunde, tena kwa kila jicho. Zikipungua, kichwa kinageuka na jengo linachelewa kugeuka, na mtu anatapika. Kinachotoa picha hizo ni kadi ya picha. Hiyo ndiyo bosi wa kasha zima. Ni ndefu, ni nzito, inatoa joto kama pasi. Bodi nitatafuta ile ndogo ya mraba. Prosesa ya wastani inatosha, hapo usidanganywe na muuzaji. Diski iwe isiyozunguka, kwa sababu utaitikisa kwenye ngazi. Pawa saplai, ile inayolisha umeme, iwe ya umbo dogo, wati zake zitategemea kadi. Na kadi lazima niishikilie kwa chuma pembeni, la sivyo siku ya tatu itajivunja yenyewe pale ilipochomekwa.

Kwa hiyo nipe kipimo: urefu wa ndani wa kasha, upande mrefu. Wa ndani, si wa nje. Najua utapima kwa futi ya baba, ule mkanda wake wa kupimia. Mfuko wa vitu vyake ulirudi nyumbani na kila kitu, hata kitambaa cha jasho, isipokuwa futi. Siku ya mahafali yangu nikaiona imening'inia kiunoni kwako. Hukuona hata aibu.

Sasa masharti yangu. Sitaki fedha yako. Baba, mpiga ishara aliyekuwa akimwongoza dereva kwa redio, alikufa nikiwa na miaka kumi. Ripoti ilisema waya wa kreni uliteleza, mzigo ukamwangukia. Chini ya ripoti kuna saini yako, Bi Mkaguzi. Dereva ametajwa kama "dereva wa zamu", hana jina, kama vile kreni ilijiendesha. Wewe siku hiyo ulikuwa ofisini unapanga zamu, ulituambia mwenyewe mbele ya watu wote. Aliyepanga zamu anajua nani alikuwa juu.

Niandikie jina la dereva. Ukiniandikia, utapata mashine ambayo hata mkuu wa mradi ataionea wivu.

Mimi.


Tarehe 11 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu. Hongera kwa ujauzito wa mkeo. Asibebe ndoo, na wewe usijifanye huoni akizibeba. Hapa kwetu bomba la jikoni limepasuka na chuo kizima kinanawa mikono kwenye tangi la nje. Mimi ni mzima.

Barua isiyo na salamu si barua, ni stakabadhi. Nimeipokea hivyo, kama stakabadhi.

Umefafanua vifaa vizuri. Nakuongezea ambayo hukuuliza, kwa kuwa fundi asiyeuliza mahali mashine itakapofanyia kazi amefanya nusu ya kazi. Saiti zina vumbi la saruji, jepesi kama unga, linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Weka chujio mbele ya kila feni, linaloweza kutolewa na kukung'utwa. Umeme unatoka kwenye jenereta, nao hupanda na kushuka mafundi vyuma wanapowasha mashine zao za kulehemu. Feni zisivume. Mwanafunzi lazima asikie sauti ya redio masikioni mwake, maana nusu ya kazi ya dereva ni kusikiliza mtu asiyemwona.

Kasha nimelipima kwa futi unayoisema. Urefu wa ndani, mahali pa kadi, ni sentimita ishirini na sita. Upana ni kumi na tisa, kina ni kumi na tatu.

Kuhusu sharti lako: ripoti iliandikwa, ikasomwa, ikafungwa. Waliohusika walihojiwa. Sina cha kuongeza. Mtu mzima hauzi mashine kwa majina ya watu. Wanafunzi wangu hawakukukosea chochote, na yule mdogo kuliko wote, tunayemwita Kimya kwa sababu hasemi mpaka aulizwe mara mbili, ana watoto wawili. Ukitaka kunichukia nichukie mimi, mimi nipo.

Shangazi yako.


Tarehe 30 Juni

Shangazi,

Mama mzima. Mke wangu mzima, ndoo hazibebi. Bomba lenu natumaini mmeita fundi, hamkuliombea tu.

Nilikuwa nimeamua kutojibu. Mama akapata habari ya hao kumi na wanne, sijui nani alimwambia, nadhani umemwandikia pembeni. Siku tatu hakunisemesha. Anapika, anaweka sahani, anaondoka. Siku ya nne nikaanza kutafuta vifaa. Kwa hiyo mshukuru yeye, mimi usinishukuru.

Kifurushi kinakuja na basi la mizigo. Ndani ni mashine nzima juu ya fremu ya alumini niliyokata mwenyewe; isukume ndani ya kasha, kaza skrubu nne, basi. Bodi ni ile ndogo. Feni mbili za taratibu, na machujio yake yanavutwa kama droo. Pawa saplai ni ya wati mia nne na hamsini, na nimeongeza kizuizi cha umeme unaoruka. Kwa nafasi uliyonipa, kadi ndefu haiingii. Nimeweka fupi. Si mbaya lakini si ile niliyotaka, itahema kwa shida kwenye mazoezi yako makubwa. Uzito wa vyote ni kilo sita na robo. Hata mwenye miaka sitini na mmoja ataweza, kama bado ana ule mkono wa kutia saini.

Waya wa miwani chomeka kwenye kadi yenyewe, si kwenye bodi. Kila mtu hukosea hapo kisha anasema fundi ni tapeli.

Mimi nimetimiza yangu bila kulazimika. Jina bado nalisubiri.

Mimi.


Tarehe 20 Julai

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu kwa mama yako na mkeo. Mimi si mzima, nina hasira, na katika umri wangu ni ugonjwa.

Jumanne nilipanda nayo ghorofa ya nane katika saiti ya pili. Ilibebeka vizuri. Iliwaka vizuri. Kwa mazoezi sita ya mwanzo haikuwa na neno. Tulipofika zoezi la saba picha zilianza kukwama. Zoezi la saba ndilo lenye jengo zima, na watu chini, na kona ambayo dereva haioni. Kimya aligeuza kichwa kushoto, ukuta ukamfuata baadaye. Alijaribu kumtafuta mpiga ishara wake, mtu akatokea amechelewa, kana kwamba amechomoza ardhini. Kimya alivua miwani, akainama pembeni ya kiti, akatapika. Kisha akaniuliza, yeye asiyeuliza kitu, kama juu kwenyewe ndivyo kulivyo. Nikazima mashine. Zoezi linalomwonyesha mtu amechelewa linamfundisha dereva kwamba mtu huchelewa kuonekana, na kwamba ndivyo kawaida.

Nilipofungua kasha nikaona jambo jingine. Mwisho wa fremu yako, upande wa kadi, kuna uwazi wa vidole viwili. Uwazi mtupu, umejaa hewa. Nilikupa kipimo, wewe ukatengeneza fremu fupi, ukaweka kadi dhaifu, kisha ukaniandikia kwamba nafasi haitoshi. Miaka yote umenitukana, nami nimevumilia, lakini sikuwahi kukufikiria kuwa fundi mbovu. Basi si ubovu. Umefanya makusudi. Umetaka niaibike mbele ya wanafunzi wangu, nawe umefaulu, ila aliyetapika si mimi.

Nataka maelezo. Zimebaki siku hamsini na saba.

Shangazi yako.


Tarehe 2 Agosti

Shangazi,

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mama na mke wangu wazima.

Niite unavyotaka, lakini mbovu sikubali, na makusudi sikubali. Nimechukua daftari langu nikaangalia. Wewe uliandika ishirini na sita. Mimi nikatoa mbili, nikajenga kwa ishirini na nne. Nilitoa kwa sababu futi ya baba ni fupi. Sikukwambia kwa sababu sikutaka kuongea nawe habari za futi ile zaidi ya nilivyoongea. Nikasema moyoni, huyu anaivaa kama mkufu, hajui hata ina kasoro.

Kumbe ulishatoa mbili. Ulitoa wewe, nikatoa mimi, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Ndiyo maana kuna vidole viwili vya hewa.

Sasa nikakaa nikafikiri. Nataka ufuate vizuri ninachosema.

Futi ile ilikatika Jumapili mchana, nyumbani kwetu. Baba alikuwa anapima mlango wa chuma, upepo ukaubamiza, ukakata mwanzo wa mkanda. Sentimita mbili zikaanguka miguuni kwangu. Akatoboa tundu, akarudisha ndoano yake kwa ribiti, ukitazama huoni kitu. Namba za mwanzo zilikuwa zimefutika zamani, mpaka kumi hakuna kinachosomeka. Alisema atanunua nyingine mwisho wa mwezi. Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa amekufa.

Kwa hiyo waliojua ni yeye, mimi, na mtu aliyekuwa akipimishana naye mizigo Jumatatu ile asubuhi. Na anayepimishana na mpiga ishara ni dereva, kwa redio. Wewe ulikuwa ofisini.

Najua unaweza kujibu nini. Umekaa nayo miaka kumi na minane, siku moja ukailinganisha na futi nyingine ukaona. Inawezekana. Ukiniandikia hivyo, kwa mkono wako, nitanyamaza, kwa sababu sina namna ya kupinga. Andika tu sentensi hiyo moja. Kisha nirudishie mashine, nitaweka kadi ndefu, na hutanisikia tena.

Mimi.


Tarehe 19 Agosti

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu kwa wote walio nyumbani.

Mashine inakuja na barua hii, pamoja na miwani na vishikio vyake, na mazoezi yote yamo ndani. Ukimaliza kusoma utaamua kuitengeneza au kuiacha. Sitakuandama.

Umenifungulia mlango wa kutokea. Nimekaa nao wiki mbili. Ungenitosha vizuri, na si uongo mkubwa. Sitautumia.

Futi sikuilinganisha na nyingine. Baba yako aliniambia. Jumatatu ile, saa moja na nusu, kabla ya mzigo wa kwanza, aliita kwenye redio akasema: "Mdogo wangu, leo kila kipimo changu kitoe mbili, futi imeliwa na mlango, na mwanangu kacheka mpaka kakaa chini." Nikamwambia anunue nyingine aache ubahili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya siku hiyo.

Dereva aliyepangwa aliamka na homa. Mimi ndiye niliyepanga zamu, nikajipanga mwenyewe. Nilikuwa sijaendesha kwa miezi mitano, lakini leseni ilikuwa hai na mkono ulikuwa unakumbuka. Nilifurahi kupanda. Nataka ujue na hilo.

Saa nne tulikuwa tukishusha fungu la nondo nyuma ya ukuta wa lifti. Kule nyuma dereva haoni kitu. Baba yako alikuwa macho yangu. Alihesabu: mita tano, nne, tatu. Kisha redio ikanyamaza. Sheria unayoikuta katika ukurasa wa kwanza wa kitabu ninachofundishia, na niliyokuwa nikiifundisha hata wakati ule, ni kwamba redio ikinyamaza mzigo unasimama. Hausubiri, haupunguzi mwendo, unasimama. Mimi sikusimamisha. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Nilijua atasema "mbili", kisha "moja", kisha "weka". Nilizisikia kichwani kwa sauti yake hasa, nikashusha kwa kufuata sauti hiyo. Yeye, redio ilipozimika, alijua kwamba nitasimamisha, kwa sababu mimi ni mtu wa sheria, akaingia chini ya mzigo kusogeza gogo la kuupokea.

Waya haukuteleza. Redio zile zilikuwa zimeripotiwa mbovu mara mbili, na wakubwa hawakutaka neno "redio" liingie katika ripoti. Mimi sikutaka dereva aingie. Tulielewana bila hata kukaa kikao. Nikatia saini, kisha nikaja kwenu nikasimama mbele ya watu nikasema nilikuwa ofisini.

Mama yako anajua. Nilimwambia baada ya miezi miwili, jikoni kwake. Alinifukuza. Kisha akanifuata hadi barabarani akasema nisikwambie mpaka umalize shule, kwa sababu huna baba na asingetaka ukose na shangazi. Ukamaliza shule. Sikukwambia. Kosa la miaka hii yote baada ya shule usimpe yeye. Ukimya ulikuwa umenizoea, nami nikauzoea.

Zoezi la saba nililiandika mimi. Hakuna chuo kingine chenye zoezi hilo. Dereva hushusha nyuma ya ukuta, sauti huhesabu, kisha hunyamaza, kila mara mahali tofauti. Hakuna kengele, hakuna taa nyekundu. Mwanafunzi asiposimamisha, humwona mtu pale chini, na kwa sababu hiyo nataka picha zisichelewe hata kidogo. Sitampeleka yeyote juu asiyejua mkono wake unafanya nini sauti inapokatika.

Jina uliloniomba ndilo lililo chini ya kila barua niliyokuandikia.

Shangazi yako.


Tarehe 8 Septemba

Shangazi,

Mke wangu kajifungua salama, wa kike. Mama anamwogesha. Nilimuuliza kuhusu jikoni na barabarani, akasema ndiyo, akaendelea kukunja nepi. Nikahamia dukani siku sita, nikalala kati ya makatoni. Nimerudi kwa sababu ya mtoto.

Siku ya kwanza niliiweka mashine yako juu ya meza ya kazi nikachukua nyundo. Nakwambia ili usidhani mimi ni mwema. Fundi wa duka la jirani aliingia kuazima koleo, akatazama nyundo, akatazama kasha, akaniuliza kama hii ndiyo njia mpya ya kutoa vumbi. Nikamwambia atoke. Alitoka na koleo.

Baadaye nikakata fremu nyingine, ya ishirini na sita kamili. Kadi ndefu imeingia, imebakiza unene wa kucha. Pawa saplai ya zamani isingeiweza, nimeweka ya wati mia sita na hamsini, umbo lile lile. Nimeongeza feni ya tatu chini, na chuma cha kuishikilia kadi nimekifunga pande zote mbili. Uzito umepanda hadi kilo saba. Ukichoka pumzika kwenye kila ghorofa, usibadilishe mkono katikati ya ngazi. Vifaa vyote nimevijaribu saa nne mfululizo mlango wa duka ukiwa umefungwa ili kuwe na joto kama la huko kwenu.

Hao wanafunzi kumi na wanne una siku saba za kuwapitisha. Anza na Kimya.

Sijakusamehe. Usiniandikie kuniomba, na usije kumwona mtoto. Mama akitaka kuja kwako na magoti yake, hilo ni lake, sitamzuia.

Safari hii mashine haiwezi kutoka dukani kwangu bila kujaribiwa kwa kazi yake yenyewe, kwa hiyo nilivaa miwani. Mimi si dereva, lakini mazoezi sita ya mwanzo si magumu. Zoezi la saba nilifanya mara kumi na moja. Nilikuwa nimesoma barua yako. Nilijua sauti itanyamaza. Nilikaa nikiisubiri inyamaze, mkono wangu kwenye kishikio, na nilikuwa nimeapa kusimamisha.

Sauti iliponyamaza, mara nne niliendelea kushusha. Na picha haikukwama hata mara moja.

Mtoto wa kaka yako.